Kazi ya Likizo ya Pasaka

Nilihamia Sumbawanga nikiwa na sanduku moja, mablanketi mawili na imani nyingi kuliko akili. Mimi ni mtoto wa Kyela, nimekulia kwenye joto na mpunga, na hakuna aliyenionya kuhusu upepo wa Ufipa. Nilipangiwa kazi ya ukufunzi katika chuo cha ualimu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, sijaolewa, na nilikuwa na haraka na kila kitu. Wenyeji wangu hawakuwa na haraka. Ukikutana na Mfipa njiani mtasalimiana mpaka salamu ziishe, atakuuliza habari za waliobaki nyumbani, atakuuliza habari za mvua, ndipo aseme lililomleta. Mimi wakati huo nimeshatazama saa mara mbili.

Ilikuwa ile miaka ambayo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Sisi tuliowahi kupanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni tulipita mtaa wa Majengo tukaona sabuni za kila rangi zimepangwa mpaka dirishani, na mitumba imetandazwa chini, unachagua sweta la Mzungu usiyemjua. Dini nazo zilifunguliwa milango. Kila baada ya muda alikuja mhubiri mpya na vipaza sauti vyake, na katoni za Biblia ziliteremshwa kwenye malori pamoja na betri na mafuta ya kupaka. Wanachuo wetu, wengi wao wamebatizwa Wakatoliki wangali wachanga, wakaanza kutaka kusoma Maandiko wenyewe. Walinifuata mimi kwa sababu nilikuwa mkufunzi kijana, Mmoraviani, na walikuwa wameniona nikisoma Biblia wakati wa chai.

Nilifurahi kupita kiasi. Mkuu wa chuo alituruhusu kutumia darasa moja kila Ijumaa alasiri, na tukawa kama watu ishirini. Nilifundisha kwa namna pekee niliyoijua. Niliandika andalio la somo, kama la hesabu za darasa la nne: lengo, zana, hatua za ufundishaji, tathmini. Zana zilikuwa kalamu za rangi nilizonunua Majengo. Dhambi tulizipigia mstari mwekundu, ahadi za Mungu mstari wa bluu, amri mstari wa kijani. Biblia za wale vijana zilipendeza kama vitambaa vya meza. Siku hizi nikikumbuka naona haya, lakini wakati ule nilijiona nimegundua jambo.

Mmoja wao nilimpenda kuliko wengine, na nasema wazi kwamba hilo lilikuwa kosa la mwalimu. Alikuwa binti wa vijiji vya huko juu, kando ya barabara ya Namanyere, kitinda mimba kwao. Baba yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na mama yake alibaki peke yake na shamba, kwa kuwa wakubwa wote walikuwa wameolewa au wamekwenda mjini kutafuta maisha. Binti huyu alisoma kwa bidii ya kutisha. Nikisema sura moja, yeye alikuja na tatu. Alichokisoma alikifanya, na hapo ndipo tulipotofautiana, maana wengi wetu tulikuwa tukikipigia mstari tu.

Mwanachuo mwingine ambaye lazima nimtaje alikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi chuoni kujiendeleza. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Wenzake walimwita Mzee, na mimi pia nikamwita hivyo, naye aliniita Mwalimu ingawa angeweza kunizaa. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na katika miezi mitano sikumbuki kama alisema zaidi ya amina.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Pasaka tulisoma yale maneno makali ya Yesu, kwamba mkono ukikukosesha uukate. Nilifundisha vizuri, kama mtu ataniruhusu kujisifu. Nilipofika kwenye tathmini nikaona kuuliza maswali hakutoshi. Mimi ni mkufunzi, siwezi kumaliza somo bila kutoa kazi. Nikagawa vipande vya karatasi, nikawaambia kila mmoja aandike kitu kimoja kibaya kilichomo nyumbani kwao, na likizo hii akakiondoe. Nikasema, "Msije mkanirudia mikono mitupu. Nataka ushuhuda." Walicheka, wakaandika. Nilikusanya zile karatasi nikaziombea bila kuzisoma.

Walirudi mwishoni mwa Aprili. Ijumaa ya kwanza darasa lilijaa, na ushuhuda ukaanza. Mmoja alikuwa ameacha sigara alizokuwa akivuta kwa siri. Mwingine alikuwa amemrudishia dada yake sketi. Kisha akasimama yule binti, uso unang'aa.

Alisema, "Bwana asifiwe."

Tukaitika, "Amina."

"Mimi niliandika pombe. Nilipofika nyumbani nilikuta mama amepika pombe ya ulezi, mitungi mitatu, imeshaiva, Jumatatu watu wangekuja kunywa. Jumapili mama akaenda misa. Mimi nikasema naumwa kichwa. Alipoondoka nikatoa mitungi yote nje, nikaimwaga. Jumatatu alfajiri watu wakaja, wakakuta hakuna kitu, wakarudi makwao. Shetani aliaibika siku ile."

Darasa lilipiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, na machozi yalinilengalenga kwa fahari. Hata ule uongo wa kichwa hakuna aliyeusikia. Tulipotulia, sauti ikatoka kule nyuma karibu na mlango.

"Na matuta je?" Ni Mzee aliyeuliza.

Binti akamtazama, akatazama chini. "Mungu atatenda," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Matuta gani?" niliuliza mimi. Vijana wa Kifipa waliokuwa mle ndani, na walikuwa wengi, wote wakawa wanasoma Biblia zao.

Nilifunga kipindi mapema nikamwita Mzee nje. Upepo ulikuwa unavuma, tukasimama nyuma ya jengo. Nilikuwa nimekasirika kidogo, sikuzoea kuharibiwa tathmini.

"Mwalimu," alianza, "samahani. Wewe ni mgeni, hili lilikuwa kosa letu kutokukwambia. Kwetu shamba halilimwi na mtu mmoja. Masika yanapoelekea mwisho, ardhi bado laini, mtu anapika pombe, anawaita majirani, wanakuja na majembe wanamtengenezea matuta. Ntumba, tunaita. Jirani naye akipika, wewe unakwenda kwake. Pombe ile ndiyo wito. Bila pombe hujamwita mtu."

"Si wangekuja tu kumsaidia? Ni mjane."

"Waje vipi, na hawakuitwa? Walikuja, wakakuta mitungi imefunikwa kifudifudi. Kwao hiyo ni kwamba mama kawafukuza."

Akanieleza yaliyobaki taratibu, kama anafundisha mtoto wa darasa la kwanza, na kwa mambo hayo nilikuwa mtoto kweli. Nyasi hufukiwa ndani ya matuta zioze. Juu yake hupandwa maharage. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, matuta yanabomolewa, udongo ule mweusi unatawanywa, na hapo ndipo unapandwa ulezi. Asiyepata matuta mwaka huu hana maharage sasa na hana ulezi mwakani. Mvua zilikuwa zimebakiza majuma machache, na baada ya hapo ardhi ya Ufipa inakuwa ngumu, jembe linaruka.

"Mama yake alisema nini?" niliuliza.

"Nimemuuliza binti tulipokuwa tunatoka darasani. Anasema mama hakusema kitu. Tangu Jumapili ile mpaka binti anaondoka, alimpikia, alimtengea maji ya kuoga, hakumwambia neno lingine."

Nilimwita binti siku iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza naye kwa upole kuhusu busara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono ndani ya sweta.

"Lakini mwalimu," alisema, "mimi nilifanya ulichotufundisha."

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anaomba nimwambie kwamba alifanya vema, maana kama hakufanya vema, basi alikuwa amemfukarisha mama yake bure. Nilimwambia tutakwenda kulima, sisi wenyewe, kikundi chote. Akaanza kulia, akasema haendi, hawezi kumtazama mama yake usoni. Nikamwambia hata mimi siwezi, kwa hiyo tutakwenda wawili tusioweza.

Mzee aliandika barua akampa mnunuzi wa maharage aliyekuwa akipita kijiji kile, kumjulisha mama kwamba Jumamosi ya wiki ya pili watakuja wanachuo na mkufunzi wao kulima. Mkuu wa chuo alitoa ruhusa ya siku moja. Alfajiri hiyo tuliotokea tulikuwa kumi na mmoja kwenye lori, tumejifunika makoti na khanga, majembe ya chuo yakigongana miguuni mwetu. Tulishushwa njiani, tukatembea kama saa nzima. Nyanda zile hazina miti ya kuzuia macho, unaiona nyumba unayokwenda muda mrefu kabla hujaifikia, na anayekaa ndani naye anakuona. Binti alitembea wa mwisho.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mfupi, ana kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, mama," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Poleni na safari." Akatupa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa binti yake akampa mkono vilevile, kama sisi wengine, akapita. Kisha akatuonyesha shamba.

Lilikuwa pana kuliko nilivyofikiri. Mzee alitupanga na kutufundisha: kata nyasi, zilaze kwa duara, kisha geuza udongo wenye mizizi juu yake mpaka zifunikwe. Vijana wa Kifipa walikwenda kwa mwendo mmoja, wanaongea huku wanalima. Mimi nilitengeneza kitu kirefu kilichopinda, kama kaburi la mbuzi. Vijana waliona, wakaziba midomo. Mama alinijia kimya, akachukua jembe mkononi mwangu, akalivunja tuta langu lote.

"Majani yanachungulia, mwalimu," alisema. "Yakiona jua yataota tena. Yafunike yote."

Akanitengenezea moja, mapigo kama kumi hivi, likakaa duara safi. Nikajaribu. Akalivunja tena. La tatu aliliacha, nikafurahi kuliko siku niliyopata cheti changu.

Saa saba mchana tulikuwa hatujafika nusu. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge. Mama alituita nyumbani tule. Palikuwa na ugali wa ulezi na maharage, na pembeni, chini ya upenu wa paa, mtungi mkubwa umefunikwa ungo. Aliufunua, akachota kwa kata, nikaona kile kinywaji cha rangi ya udongo, povu jembamba juu yake.

Wote walinitazama mimi. Wanachuo kumi, kila mmoja amefundishwa na mimi kupiga mstari mwekundu chini ya ulevi. Binti alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Nilijua nikikataa, nimemtukana huyu mama mara ya pili ndani ya nyumba yake. Nikikubali, binti atajua kwamba ile mitungi mitatu niliimwaga kwa mkono wake na sasa mwenyewe nakunywa. Nilikuwa na hotuba mbili mdomoni na sikujua ipi itatoka.

Mama alininyooshea kata kwa mikono miwili.

"Kunyweni bila wasiwasi," alisema. "Ni togwa. Nimekoroga jana jioni, haijakaa. Barua ilisema wageni ni watu wa kikundi cha binti, nikajua hamnywi."

Nilipokea. Ilikuwa tamu na ya baridi. Kata ikazunguka, watu wakaanza kupumua, wakaanza hata kutaniana. Mzee alikunywa, akaishika kata muda kidogo kabla ya kuipitisha.

"Mama," alisema, "ulezi ulipata wapi?"

"Ulibaki debe moja. Wa mbegu nimeutenga."

Mzee alinitazama, na safari hii nilielewa bila kufundishwa. Kimea kilekile, angekiacha kikachacha siku kadhaa, kingekuwa pombe. Angewaita majirani zake, watu wanaojua kulima, wangemaliza shamba lile kabla jua halijawa kali. Alikuwa na ulezi wa wito mmoja tu, na aliutumia kwa watu kumi na mmoja waliochoka wakiwa na nusu shamba.

Mdomo wangu haujui kunyamaza. "Mama, kwa nini hukupika pombe? Majirani wangekuja, wakamaliza."

Alikuwa anafuta ukingo wa mtungi kwa khanga.

"Majirani nawaita kwa pombe, wanakuja," alisema. Akaelekeza kidevu kwa binti yake. "Huyu je? Ningemwita kwa pombe gani?"

Mtume anaandika mahali fulani habari za wanaokula na wasiokula, kwamba mwenye nguvu aache haki yake kwa ajili ya yule anayejikwaa. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo, mimi na wanachuo wangu, tukaipigia mistari ya kijani. Nilikuwa nimefundisha kwamba wenye nguvu ni sisi.

Binti aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akashika pindo la khanga. Nilidhani ataanza na mitungi.

"Mama, nisamehe. Siku ile sikuwa naumwa kichwa. Nilikudanganya."

"Najua," mama alisema. "Uliamka ukala viazi vitatu."

Vijana wakacheka kwa sababu hawakuweza kujizuia, na binti akacheka na kulia kwa pamoja, uso ameuficha kwenye mapaja ya mama yake. Mama aliweka mkono kichwani mwake, akauacha hapo. Mimi nilitazama kwingine. Niliona wivu pia, nakiri, kwa sababu mama yangu mwenyewe alikuwa mbali na nilikuwa sijamwandikia tangu Krismasi.

Tulilima tena mpaka ilipofika saa ya kulifuata lori kule barabarani. Theluthi nzima ya shamba ilikuwa bado nyasi. Binti aliniomba abaki, nikamruhusu, nikajua Jumatatu nitaeleza mwenyewe kwa mkuu wa chuo. Wengine walitangulia na majembe. Mimi nilibaki nyuma kumuaga mama, na nilikuwa na maneno niliyoyapanga mchana kutwa nikiwa nimeinama.

"Mama, kosa halikuwa la binti. Ni mimi niliyewapa kazi ile ya likizo. Ni mimi niliyemtuma."

Alinitazama vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile, nadhani. Nilisubiri aniambie nisijali, maana ndivyo watu wanavyomwambia mwalimu.

"Basi wewe ukija tena," alisema, "uje siku mbili. Siku moja haitoshi."

Jumamosi iliyofuata nilipanda lori peke yangu, na jembe langu, nikakaa siku mbili.